Maswali ya Wasomaji: Mbuzi ya Msimu wa Corona, Nani Analipa?

Mwezi huu sanduku limejaa barua za kabumbu, karibu zote kutoka hapa hapa Lubumbashi. Maswali ya nywele, ya ukwe na ya kiwanja cha urithi yatangoje namba inayokuja, leo tunamaliza hii ya mbuzi kwanza, ahadi juu ya Linafoot, ligi kuu ya Congo, kati ya mutu wa Mazembe na mutu wa Lupopo, timu mbili za mji wetu.

Barua ya kwanza, kutoka Katuba

"Yaya muandishi, jambo. Mi niko sapota wa Mazembe, niko na miaka 51, na shida yangu ni shemeji, ndugu ya bibi yangu, yeye ni mutu wa Lupopo wa Makomeno. Mwezi wa kumi na moja 2019 tuliwekaka ahadi. Mi nikasema Mazembe atachukua ubingwa wa Linafoot, yeye akasema hatachukua, mwenye kushindwa anatoa mbuzi. Njo corona ikakuya, mupira ikasimama, kisha Linafoot ikatangaza Mazembe bingwa. Shemeji anakatala kulipa, anasema msimu haikuisha, bingwa wa mezani si bingwa. Tangu ile mwaka kila kilio, kila ndoa, tukikutana ni paka ile maneno. Na mi sasa nasema si mbuzi moja tena, ile mbuzi ingekuwa imeshazaa, nataka yeye na watoto yake. Nani ana haki?"

Papa wa Katuba, kabla sijajibu nikuambie siri yangu, usije ukasema baadaye nilikuficha. Baba yangu alikuwa mutu wa treni, nyumbani kwetu hata ndoo ya kuchotea maji ilikuwa ya manjano na buluu, rangi za Lupopo, timu ya watu wa treni, niliikuta pale kama vile nilikuta meza na kitanda. Kwa hiyo jibu hili linaniuma mkono nikiandika.

Tukumbuke vile mambo yalienda. Ule msimu wa 2019-2020 Mazembe aliingia akiwa bingwa wa 2019, kocha Pamphile Mihayo, mtoto wa nyumba, alichezea timu ile ile kabla ya kuifundisha. Mbele alikuwa na Jackson Muleka, kijana wa Lubumbashi hapa, ule ambaye baadaye mwaka 2020 Standard ya Liège walikuja kumuchukua. Katikati kulikuwa na Rainford Kalaba wa Zambia ambaye siku akiamka vizuri hata siye wa Lupopo tulikuwa tunaangalia tukinyamaza. Kule Kinshasa Vita Club ilikuwa na kocha Florent Ibenge, na Vita ndiyo iliyokuwa inamfuata Mazembe kwenye msimamo, wengine walikuwa nyuma yao wanakula vumbi. Lupopo yetu tusiiongelee.

Sasa mwezi wa tatu. Tarehe 7 Mazembe anacheza na Raja ya Casablanca ku Kamalondo, uwanja wake wa nyumbani, marudiano ya robo fainali ya Afrika, kule Morocco alikuwa amepigwa 2-0. Hapa akashinda 1-0, haikutosha, watu wakarudi nyumbani kichwa chini. Tarehe 10, siku tatu tu nyuma, mgonjwa wa kwanza wa corona anatangazwa Kinshasa. Tarehe 18 Prezida Tshisekedi anapiga hotuba, mikutano imekatazwa, kanisa zimefungwa, masomo yamefungwa, michezo imefungwa. Na hapa kwetu kabla ya mwisho wa ule mwezi gavana Kyabula akafunga mji mzima siku mbili, hakuna kutoka, juu ndege ilikuwa imeleta watu wenye kushukiwa kutoka Kinshasa. (Ndiyo, ule ule Kyabula aliyekuja kuwa prezida wa Lupopo baadaye, mji wetu ni mudogo.)

Nataka nikuonyeshe kitu kimoja. Mu Kenya, kitongoji chetu hapa Lubumbashi, kuna kinyozi mimi ninaenda kwake, iko na ubao mweusi kama wa masomo, amepigilia misumari juu ya kioo, na kila siku ya kwanza ya juma anaandika msimamo wa Linafoot na chaki, timu, mechi, pointi. Mikono yake inanuka pombe ya kusafishia mashine na bado anaandika kwa herufi nzuri kuliko mwalimu. Corona ilipofika alifunga duka. Nilirudi pale miezi imepita, nywele zimefika masikioni, nakuta ule msimamo bado uko pale pale, chaki imeanza kupauka, mutu amepitisha kidole kwenye jina la Vita likatoka nusu, na pembeni ya TP Mazembe mwingine ameandika BINGWA. Nikamuuliza kwa nini hafuti. Akanijibu nifute niandike nini?

Na Linafoot wenyewe walifanya vile vile, papa. Hawakufuta, hawakuandika kingine. Walichukua msimamo kama ulivyokuwa siku mupira uliposimama, wakasema hapa ndipo msimu umeishia, wa kwanza ni Mazembe, ubingwa ni wake, wa 18. Shemeji yako anaita hiyo ubingwa wa mezani, na kweli ulitolewa mezani, hakuna mtu aliyemwaga jasho siku ile. Lakini pointi zilizokuwa juu ya ile meza zilipatikana uwanjani, kwa miezi, mvua na jua, na Lupopo mwenyewe alichangia zingine kwa kufungwa.

Tena siye hatukuwa peke yetu. Ufaransa walikata ligi yao vile vile, PSG akapewa. Ubelgiji wakampa Club Brugge. Kenya, nchi siyo kitongoji chetu, wakamtangaza Gor Mahia. Ng'ambo ya Kasumbalesa, Zambia, walijaribu kurudi uwanjani, wakakatisha, Nkana akatangazwa bingwa na wale wa Kitwe hawakumuuliza mtu kama imeisha ao haijaisha, walikunywa. Tanzania wao walirudi wakacheza mpaka mwisho, Simba akachukua. Uingereza nao walicheza kwenye viwanja vitupu, Liverpool akapata kombe alilongojea miaka 30 na hakuna mutu wa kupiga makofi. Wenye kufanya tofauti kabisa ni Uholanzi, Ajax na AZ walikuwa na pointi sawa, wakasema mwaka huu hakuna bingwa, twendeni nyumbani. Kama Congo ingefanya kama Uholanzi, shemeji yako angekuwa amepona. Haikufanya.

Sasa nakuuliza weye na yeye, maneno ya ahadi yalikuwa yapi? Weye mwenyewe umeandika "Mazembe atachukua ubingwa". Hukusema "Mazembe atacheza mechi zote". Ubingwa wa Linafoot anautoa Linafoot, hautoki Makomeno, hautoki Katuba. Aliutoa, Mazembe akauchukua, kwa hiyo shemeji analipa mbuzi. Nimeandika, sifuti.

Lakini ile ya watoto wa mbuzi, papa, hapana. Mbuzi ya ahadi haizai. Hata hukusema kama ni dume ao jike. Utapata mbuzi moja, wa ukubwa wa kawaida, mwenye miguu minne, na useme asante.

Barua ya pili, kutoka Ruashi

"Mi niko mwanafunzi wa Ruashi, kwa darasa letu tunagombana, bamoja banasema Mazembe iko na ubingwa 19 wa Congo, bengine 20. Na ile ya corona inahesabiwa?"

Mwanangu, ni 20, na ya corona imo ndani. Andika kwenye daftari: 1966, 1967, 1969, 1976, 1987, 2000, 2001, 2006, 2007, 2009, 2011, 2012, 2013, 2014, 2016, 2017, 2019, 2020, 2022, 2024. Hesabu na vidole vya mikono kisha vua viatu, vinatosha sawasawa.

Angalia ile nafasi kati ya 1987 na 2000, miaka 13 bila kitu, Mazembe alikuwa anakaa kama siye. Moïse Katumbi, yule tajiri, alishika uprezida wa timu 1997, ubingwa ukarudi 2000, na kutoka pale hawakulala. Nyuma ya Mazembe kuna Vita na 15, Motema Pembe na 12, kisha Lupopo na 6. Ya mwisho ya Lupopo ni 2002. Mtoto aliyezaliwa ile siku leo iko na ndevu na watoto wake mwenyewe, hiyo hesabu usiipeleke darasani, nakuomba. Na 2025 kombe lilienda kwa Aigles du Congo wa Kinshasa, mara yao ya kwanza, kwa hiyo wale wenye kusema Linafoot ni ya timu tatu tu wanyamaze kidogo.

Barua ya tatu, kutoka Makomeno

Hii ilifika siku mbili nyuma ya ile ya Katuba na niliisoma mara mbili kwanza, juu sikuamini.

"Muandishi, nimesikia shemeji wangu wa Katuba anakuandikia. Usisikilize upande moja. Kwanza ubingwa wa kupewa hauna utamu, hata wao Mazembe hawakupita barabarani na kombe, walipita wapi na watu wamefungiwa nyumbani? Mutu anashinda uwanjani. Pili, hajakuambia yote. Mwezi wa tisa 2022 tuliweka ahadi ingine, mbuzi vilevile, mi nikasema Mazembe hatachukua msimu wa 2022-2023. Na hakuchukua! Kwa hiyo yeye njo ananidai ao miye njo namudai? Jibu kama mutu muzima."

Papa wa Makomeno, jambo, ndugu wa rangi moja. Nitaanza na ile ya utamu.

Unasema ubingwa wa kupewa si ubingwa. Sawa. Twende nyuma mpaka 1967. Wakati ule Mazembe bado iko inaitwa Tout Puissant Englebert, jina la kampuni ya mipira ya gari, iko fainali ya Afrika na Asante Kotoko ya Ghana. Kule Kumasi 1-1. Huku Kinshasa 2-2. Wamelingana, CAF, wakubwa wa mupira wa Afrika, wanasema muende Yaoundé mucheze tena. Englebert anaenda. Kotoko hatokei. Wanangoja, uwanja uko pale, refa yuko pale, Kotoko hakuna. Kombe la Afrika likapewa Englebert, la kwanza la nchi yetu kwa klabu, bila mechi ya mwisho. Sasa kwa kanuni yako tuwaambie walirudishe? Najua utajibu ndiyo, warudishe hata leo jioni, juu weye ni Lupopo. Lakini nkambo zetu hapa mjini, hata wenye kuvaa manjano na buluu, walitembea na ile 1967 kifua mbele mbele ya wageni, na hakuna aliyesema ilitoka mezani.

Na mupira una njia yake ya kudai deni. 1968 Englebert akachukua tena, safari hii kwa magoli, 5-0 juu ya Etoile Filante ya Lomé kisha kule Togo akapigwa 4-1, jumla 6-4, hakuna wa kubisha. Fainali ya 1970 ikawakutanisha tena na Kotoko, droo 1-1 kule Kumasi, na wale Waghana wakakuja kushinda 2-1 hapa kwetu, Kinshasa, mbele ya watu wetu. Walijilipa wenyewe. Weye ungetaka kujilipa kwa shemeji ungengoja Lupopo achukue ubingwa, sasa unaona kwa nini nakushauri mbuzi, ni rahisi zaidi.

Tuje kwenye mbuzi ya pili. Hapa uliniweka pabaya, juu nilimwambia shemeji yako tufuate maneno ya ahadi, na kwa maneno weye umeshinda, ulisema hatachukua na kweli hakuchukua. Nililala na hii kitu. Asubuhi nikaenda kwa kinyozi wangu wa Kenya (ule ule wa ubao), nikamuwekea kesi bila kutaja majina, alikuwa ananyoa mutu wa ushuru, wote wawili wakacheka, mutu wa ushuru akasema kitu kimoja kikanifungua kichwa: "Nikibet kwa simu na mechi ikafutwa, pesa yangu inarudi. Siwi nimeshinda, siwi nimeshindwa."

Ndiyo hiyo. Msimu wa 2022-2023 si kama wa corona. Wa corona ulikatwa, lakini ulifungwa na bingwa akaandikwa. Ule mwingine ulianza, ukasimama, ukaanza tena, timu zingine hazina pesa ya safari, kalenda inabadilishwa kila siku, na mwisho wakauacha bila bingwa. Msimu mweupe. Ukiangalia ile orodha niliyompa mwanafunzi wa Ruashi utaona 2022 kisha 2024, katikati pamekaa wazi, hakuna Mazembe, hakuna Vita, hakuna mutu.

Watu wa nchi zingine hawaelewi hii ya safari. Wao timu inapanda basi asubuhi, inacheza, inarudi kulala. Huku Lubumbashi mpaka Kinshasa ni ndege tu, masaa mawili na zaidi hewani, barabara ukiichukua utafika msimu umeisha, na tiketi ni za wachezaji, makocha, daktari, mpaka yule wa kubeba jezi. Timu kubwa yenye tajiri inapumua. Timu ndogo inafanya hesabu kati ya ndege na mshahara. Ndiyo sababu 2023-2024 walirudi kwenye mpango wa kugawa mashariki na magharibi kwanza, kisha wale wa mbele wanakutana play-off, na Mazembe akachukua ya 20. Mi binafsi napenda poule moja, kila mutu na kila mutu, ndipo unajua bingwa ni nani kweli, lakini siyo mimi ninayelipa ndege.

Kwa hiyo, papa: 2020 ligi ilifungwa na jina likaandikwa, ahadi inasimama, unalipa. 2023 ligi ilikufa njiani, ahadi ilikufa nayo, hakuna wa kulipa. Nimekukata mara mbili na miye ni wa nyumba yako. Nikikutana na baba yangu kule aliko sijui nitamuambia nini. Kujituliza, kumbuka mwezi wa kumi 2025, Lupopo na Orlando Pirates ya Afrika Kusini, 3-0 hapa kwetu, wakaenda kule wakapigwa 3-0 vilevile na moyo ulikuwa umeshatoka mdomoni, kisha penalti, tukapita. Ile usiku mi sikudai mutu mbuzi.

Barua ya nne, kutoka Kampemba

"Mama wa watoto wanne hapa. Mwana wangu wa miaka 16 anataka kwenda kuangalia derby ya Mazembe na Lupopo na rafiki zake, baba yake anasema aende, mi naogopa tangu mambo ya Kinshasa. Nimkataze?"

Mama, hofu yako iko na sababu na sitakucheka. Wenye kusahau niwakumbushe, tarehe 11 mwezi wa tano 2014, Vita na Mazembe kwenye uwanja wa Tata Raphaël, Mazembe anaongoza 1-0, mawe yakaanza kuruka, polisi wakapiga moshi wa machozi, watu wote wakakimbilia milango mara moja. Watu 15 walikufa. Ule msimu nao ulihesabiwa, Mazembe alikuwa bingwa 2014, lakini kila ninaposema "bingwa wa 2014" nasikia kitu kinanishika hapa kooni.

Mi singemkataza, juu utamkataza ataenda bila kukuambia, na hiyo ni mbaya zaidi. Aende na mutu muzima, si rafiki wa miaka 16 wenzake. Wakifika waangalie kwanza mlango wa kutokea uko wapi kabla ya kuangalia wachezaji. Mechi ikiisha wasiinuke, wakae pale, wale karanga zao, watu wapungue, dakika ishirini, hata nusu saa. Na kama mawe yanaanza asikimbie na kundi, ajitenge pembeni mahali wazi, mbali na mlango na mbali na kuta, moshi unauma macho lakini unapita. Kamalondo si uwanja mkubwa sana, viti 18,500 hivi, ila siku ya derby mlangoni unaona kama Congo yote imekuja. Simu yake iwe na chaji, na umwambie saa ya kurudi mbele ya baba yake.

Barua ya tano, kutoka Katuba tena

Nilikuwa nimeshafunga ukurasa. Hii ililetwa na mtoto kwa mkono, imekunjwa mara nne, imeandikwa na kalamu nyekundu.

"Muandishi, nasikia bwana yangu na kaka yangu bote bamekuandikia juu ya mbuzi. Miye njo mwenye kukaa katikati yabo. Nikuambie kile bote babili bamesahau ao banajifanya kusahau. Ile mbuzi ya 2019 kaka yangu aliileta mwezi wa kumi na moja ile ile, akaifunga nyuma ya nyumba yangu kwa muembe, akasema ni ya ahadi, ikae kwako Mazembe akishinda iko hapa, akishindwa nitairudisha. Mi niliilisha maganda ya mihogo wiki sita. Bonane ya 2020 bageni bakakuya bengi, bwana yangu hakuacha pesa ya nyama, nikaichinja. Tulikula na bukari. Bwana yangu alikula, kaka yangu alikula, tena kaka yangu ni yeye njo aliomba kichwa, aliifunga mu karatasi akaenda nayo Makomeno. Corona haijafika hata. Sasa banadaiana nini?"

Mama, ungeniandikia weye wa kwanza nisingemaliza wino wote huu.

Basi nabadilisha hukumu. Mbuzi ilishatolewa, ilifika Katuba, ilikaa kwenye plot ya mshindi, na mshindi akaila, hata kama aliila miezi kabla hajashinda, hiyo ni haraka yake. Papa wa Katuba, deni lako uko nalo tumboni tangu tarehe moja mwezi wa kwanza 2020, acha kusumbua watu kwenye vilio. Papa wa Makomeno, weye ulikuwa umeshindwa na ulikula nyama ya mshindi, lakini uliyokula mezani ulikaribishwa, hiyo nakusamehe. Kile ulichobeba kwenye karatasi hukukaribishwa.

Unadaiwa kichwa. Na mama adaiwe shukrani ya wiki sita za maganda ya mihogo, hiyo mutagawana wanaume wawili.